Bia au Mvinyo? Msamiati wa Hiari ya Mnywaji katika Kiswahili cha Nairobi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo: namna msemaji wa Kiswahili anavyoeleza kwamba yeye anapenda bia kuliko mvinyo, au mvinyo kuliko bia. Kuchagua kinywaji ni hiari ya mtu binafsi, na wapo wengi ambao hiari yao ni kutokunywa kileo chochote kwa sababu za dini, za afya au za malezi. Kwa hiyo hatukusudii kukisifu wala kukishutumu kinywaji chochote. Linalotushughulisha ni lugha. Mtu akiisha kuchagua hana budi kutamka alichokichagua, na katika kutamka huko anategemea maneno aliyoachiwa na historia.

Tumetazama Kiswahili kinachosemwa Kitisuru na mitaa inayopakana nayo. Kitisuru iko kaskazini-magharibi ya kitovu cha jiji la Nairobi, na ni mojawapo ya wodi tano za eneo bunge la Westlands, pamoja na Parklands/Highridge, Karura, Kangemi na Mountain View. Ni upande wa jiji ambao zamani ulikuwa wa mashamba ya kahawa, na ambao sasa una nyumba kubwa zilizozungukwa na ua. Katika nyumba hizo hukutana watu wa hali mbalimbali: wenye nyumba, wageni wa nchi za nje, wapishi, walinzi, madereva na watunza bustani. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao. Hata hivyo mwangalizi wa lugha atatambua jambo moja upesi. Bia ikiletwa mezani, mazungumzo yanaweza kuendelea kwa Kiswahili bila taabu. Mvinyo ukiletwa, mazungumzo yanahamia Kiingereza.

Swali letu ni hili: je, kuhama huko kunatokana na upungufu wa Kiswahili, au kunatokana na mazoea ya wasemaji? Tutajaribu kuonyesha kwamba sehemu kubwa ni mazoea, na kwamba maneno yanayohitajika yamo katika lugha, ila hayajapangwa wala hayajafundishwa. Mifano tunayoitoa si maneno ya watu maalumu. Ni semi za kawaida ambazo mkazi yeyote wa Nairobi atazitambua.

2.0 Asili ya majina

2.1 Pombe na tembo

Jina lililo pana kuliko yote leo ni pombe. Katika Kenya ya sasa pombe ni kileo cha namna yoyote, kiwe cha kiwandani au cha nyumbani. Lakini maana hii imepanuka. Katika kamusi za zamani pombe ilikuwa hasa kinywaji kilichopikwa kwa nafaka kama mtama, uwele au mahindi, yaani kile ambacho baadaye kiliitwa pombe ya kienyeji ili kitengwe na bia ya chupa. Jina la sehemu limekuwa jina la jumla, na jina la sehemu limelazimika kuongezewa sifa.

Chini ya jina hilo la jumla yako majina mengi ya kimaeneo, na kila moja lina mali yake ya asili. Wakikuyu, ambao ndio wenyeji wa Kabete na sehemu za jirani, wana njohi, na wana muratina, kinywaji kilichopewa jina la tunda la mti ambalo hukaushwa na kutumiwa kuchachulia asali au maji ya miwa. Wajaluo wana kong'o, Waluhya wana busaa, Wachaga wana mbege ya ndizi na ulezi, na Wahehe wana ulanzi utokao kwenye mianzi. Vinywaji hivi havikuwa vya starehe tu. Katika desturi ya Wakikuyu njohi ilikuwa sehemu ya mazungumzo ya ndoa, na asiyekuwa na haki ya umri au ya ukoo hakuipewa. Basi swali la nani anapenda nini halikuwa na nafasi kubwa, kwa kuwa lililotangulia ni swali la nani anastahili nini. Hiari ya mtu binafsi mbele ya vinywaji viwili, kama tunavyoijua leo, ni jambo lililokuja na mji.

Pwani jina kuu ni tembo, yaani utomvu wa mnazi uliogemwa na kuchachuka. Jina hili ni la ngeli ya LI, na ushahidi wake umo katika methali inayojulikana na kila mtu: Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kiambishi -li- katika hulitia chaonyesha upatanisho huo. Tembo aliye mnyama hufuata upatanisho wa A-WA. Maumbo ni mamoja, lakini sarufi huwatenga mnyama na kinywaji bila ya kumhitaji mfasiri.

2.2 Mvinyo na divai

Mvinyo ni neno la Kireno, vinho, nalo ni miongoni mwa maneno yaliyobaki pwani kutokana na enzi ya Wareno iliyoanza mwaka 1498 na kwisha kwa kuanguka kwa Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Meza, leso, bendera na karata ni ndugu zake. Lililo la kuvutia ni umbo lake. Kama vinho ingetoholewa bila kuongezewa kitu, tungepata vinyo, umbo ambalo sikio la Mswahili lingelichukua kuwa la wingi katika ngeli ya KI-VI. Huenda ndiyo sababu neno likapewa m- na kuingizwa katika ngeli ya U-I pamoja na mti na mkate. Hivyo twasema mvinyo umekwisha, na si mvinyo imekwisha, ingawa umbo hili la pili linasikika sana Nairobi.

Yafaa pia kukumbuka kwamba Mwislamu wa pwani alikwisha kuijua khamri kwa jina la Kiarabu katika mafundisho ya dini, lakini jina hilo halikushika katika matumizi ya kila siku. Katika tafsiri za Kurani zinazojulikana sana, khamri imefasiriwa kwa neno la Kibantu, ulevi. Shina la Kiarabu kh-m-r lilibaki jikoni kwa njia nyingine: hamira itiwayo katika unga ni ya shina hilohilo, kwa kuwa wazo la msingi ni kuchachuka.

Divai ni Kifaransa, du vin, pamoja na kiambishi cha Kifaransa kilichoganda na kuwa sehemu ya neno. Krioli za visiwa vya Bahari ya Hindi zimefanya vivyo hivyo. Njia moja iliyolipa neno hili nguvu ni ya kikanisa. Mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misioni yao ya Bagamoyo mwaka 1868, na mmoja wa watu wa shirika hilo, Charles Sacleux, ndiye mtunzi wa kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyotoka mwaka 1939. Mpaka leo katika ibada husemwa mkate na divai.

Kwa hiyo Kiswahili kina majina mawili kwa kinywaji kimoja cha zabibu, na mpaka baina yake haukuchorwa vyema. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 inatoa mfano mzuri. Katika habari ya arusi ya Kana, Yohana sura ya 2, neno lililotumika ni divai. Katika onyo la Waefeso 5:18, na katika ushauri wa Paulo kwa Timotheo kuhusu tumbo lake, neno ni mvinyo. Katika Kiyunani neno ni moja mahali pote patatu, oinos. Msomaji anayetegemea Kiswahili peke yake atadhani kwamba ni vinywaji viwili, kimoja cha furaha na kimoja cha kuangaliwa kwa hadhari.

Utata wa mvinyo una sababu nyingine. Katika kamusi za zamani mvinyo haukuwa wa zabibu tu. Ulijumuisha vileo vikali vya kigeni, kama vile brandi na wiski. Mtu aweza kudhani kwamba maana hiyo imekufa. Lakini atembee Nairobi atazame maduka madogo yenye kibao cha "Wines & Spirits". Wateja wake wengi huyaita kwa neno la kwanza tu la kibao, wakisema wanakwenda "wines", na wanachokinunua huko mara nyingi ni kileo kikali katika chupa ndogo. Jina la zabibu limekuwa tena jina la kileo kikali, ingawa safari hii kwa Kiingereza.

Lugha rasmi ya Tanzania, kwa upande wake, imekwisha kuchagua. Katika hotuba za bajeti na sheria za ushuru, bia, mvinyo na vinywaji vikali huwekwa mafungu matatu mbalimbali, na mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za nchini hutozwa ushuru mdogo kuliko ule wa zabibu za nje. Hapo maana ya mvinyo imebanwa na sheria, na mkulima wa zabibu wa Dodoma ana faida ya fedha katika ubanaji huo. Ni mfano wa wazi kwamba maana ya neno inaweza kuwa na thamani ya shilingi.

2.3 Bia

Bia haina taabu hizo. Yaweza kuwa imetoka katika Kiingereza cha watawala wa Kenya au katika Kijerumani cha watawala wa kwanza wa Tanganyika. Lugha zote mbili zingetoa umbo lilelile. Kiswahili kilikuwa tayari na bia nyingine, ile ya kula bia, yaani kula kwa ushirika, ambayo imeacha mbia na ubia. Hakuna uhusiano wa asili baina ya maneno hayo mawili, lakini wasemaji hawakosi kuutania ujirani wao, kwa kuwa bia hunywewa na watu wengi pamoja.

Historia ya bia katika Nairobi inajulikana. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922, na kiwanda chake kikajengwa Ruaraka, mashariki ya msitu wa Karura. Mwaka uliofuata mmoja wa waasisi wake, George Hurst, aliuawa na ndovu katika mawindo, na bia ya kampuni ikaitwa Tusker kwa sababu hiyo. Tanzania nayo ina bia iitwayo Ndovu. Basi katika eneo la lugha ambamo tembo ni mnyama na ni kileo pia, viwanda viwili vya nchi mbili vimemweka mnyama huyohuyo juu ya chupa, kimoja kwa jina la Kiingereza na kimoja kwa jina la Kiswahili.

Zaidi ya hayo, bia ilishuka katika tabaka zote. Kwa muda mrefu wa ukoloni sheria iliwatenga Waafrika na vileo vya Kizungu, na halmashauri ya mji ikawauzia pombe katika kumbi zake maalumu. Vizuizi hivyo vilipoondolewa, bia ya chupa ikawa alama ya usawa mpya. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980, na marufuku hiyo ikaondolewa kwa masharti na Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho. Kati ya miaka hiyo, mwaka 2004, bia ya pipa ya Senator ilianza kuuzwa kwa bei ya chini ili kuwavuta wanywaji wa vileo visivyo halali. Mvinyo haukupitia njia hiyo. Kampuni ya umma ya Kenya Wine Agencies iliundwa mwaka 1969, na baadaye zabibu zilipandwa Naivasha, lakini mvinyo ulibaki kinywaji cha hoteli, cha ubalozi na cha sherehe. Tofauti hii ya njia ndiyo inayoonekana katika sarufi, kama tutakavyoona.

3.0 Sarufi ya kuagiza

Tazama semi zifuatazo:

(1) Niletee bia mbili.
(2) Tusker tatu, mbili baridi, moja moto.
(3) Niletee glasi mbili za mvinyo.
(4) *Niletee mivinyo miwili.

Katika (1) bia ni nomino inayohesabika. Haihitaji chupa wala glasi kutajwa. Kipimo kimo ndani ya neno. Katika (2) jina la kibiashara limechukua nafasi ya jina la kinywaji na kufuata upatanisho wa I-ZI bila shida. Vilevile maneno baridi na moto yamepata maana maalumu. Moto hapa si ya motoni, bali ni ile ambayo haikuwekwa katika friji. Mgeni aliyejifunza Kiswahili kitabuni atashangaa kuulizwa kama anataka bia moto, lakini kwa mwenyeji hili ndilo swali la kwanza, na wapo wanaoshikilia moto kwa imani kwamba baridi huficha ladha au hudhuru koo.

Katika (3) mvinyo ni nomino ya wingi usiohesabika, kama maji au mafuta, na lazima upimwe kwa chombo. Tungo (4) haikatazwi na kanuni ya ngeli, kwa kuwa mkate hutoa mikate. Inakataliwa na matumizi. Aidha mvinyo hautajwi kwa jina la mtengenezaji kama bia. Hutajwa kwa rangi, na hapo ndipo upatanisho unapoyumba:

(5) Mvinyo mwekundu au mweupe?
(6) Mvinyo nyekundu au nyeupe?
(7) Waini nyekundu ama nyeupe?

Tungo (5) ndiyo sanifu. Tungo (6) na (7) ndizo zinazosikika zaidi. Katika (7) neno limetoholewa upya kutoka Kiingereza na kuwekwa katika ngeli ya I-ZI pamoja na bia, chai na soda, ambayo ndiyo ngeli ya kawaida ya maneno ya mkopo. Tunaweza kusema kwamba waini ni neno la tatu kwa kitu kimoja: Mreno alileta moja, Mfaransa akaleta la pili, na Mwingereza la tatu. Lugha iliyo na majina matatu kwa kinywaji kimoja haiwezi kuitwa maskini. Tatizo lake ni kwamba msemaji hajui lipi litamfanya aonekane mwenye kuabudu, lipi litamfanya aonekane mlevi, na lipi litamfanya aonekane mwenye kujidai.

4.0 Ladha na maana ya "tamu"

Kiini cha hoja yetu kiko katika kivumishi -tamu. Kiswahili hakitenganishi katika neno hili ladha ya sukari na ladha ya kupendeza. Asali ni tamu. Na nyama yenye chumvi ni tamu. Na hadithi ni tamu. Kwa hiyo tungo (8) haina ukinzani wowote:

(8) Bia hii ni chungu lakini ni tamu.

Uchungu ni wa mmea utiwao katika bia ili kuipa ladha, na utamu ni wa hukumu ya mnywaji. Mnywaji wa bia hana haja ya zaidi. Anaweza kusema tamu, chungu, kali, nyepesi, nzito, baridi na moto, akaeleweka kabisa.

Mnywaji wa mvinyo yuko katika hali nyingine. Katika mvinyo, kuwapo au kutokuwapo kwa sukari ndiyo tofauti ya kwanza inayowagawa wapenzi wake. Sasa atazame tungo hii:

(9) Napenda mvinyo mtamu.

Je, anapenda mvinyo wenye sukari, au anapenda mvinyo mzuri? Na asiyependa sukari atasemaje? Akisema sipendi mvinyo mtamu, ataonekana anachukia kizuri. Hapa ndipo wasemaji wengi wanapoacha Kiswahili na kukimbilia Kiingereza. Wengine hujaribu kutafsiri neno la Kiingereza moja kwa moja na kusema mvinyo mkavu. Lakini -kavu katika Kiswahili cha mezani ina maana yake tayari: chai kavu ni chai isiyo na kitafunio, na ugali mkavu ni ugali usio na kitoweo. Mvinyo mkavu, kwa mantiki ya lugha, ungekuwa mvinyo unywewao bila chakula.

Kivumishi -kali nacho hakisaidii, kwa kuwa kimebeba mizigo mingi. Ndimu ni kali kwa uchachu wake, pilipili ni kali kwa kuwasha, kisu ni kikali kwa makali yake, na pombe ni kali kwa nguvu ya kulevya. Mvinyo mkali utaeleweka kuwa ule unaolevya upesi, wala si ule usio na sukari.

Lakini je, kweli hatuna maneno? Tuna ukakasi, yaani ile ladha inayokaza ulimi na kuparuza mdomo, kama mtu alayepo ndizi mbichi. Mnywaji wa mvinyo mwekundu hana neno bora zaidi la kuelezea kile anachokipata kutokana na maganda ya zabibu. Tuna uchachu kwa ladha ya kitu kilichochacha au chenye asidi, na ugwadu kwa ukali wa tunda bichi kama embe. Tuna chapwe kwa kitu kisicho na ladha, ambacho ni shutuma inayofaa bia na mvinyo sawasawa. Na kwa tofauti ya sukari, njia nyepesi ni kuitaja sukari yenyewe:

(10) Napenda mvinyo usio na sukari, wenye ukakasi kidogo.

Tungo hii haina neno hata moja la kubuni. Mpishi wa Lamu na mkulima wa Dodoma wangeielewa. Inasikika ngeni kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba maneno haya tumeyaacha jikoni na shambani, na hatukuyakaribisha sebuleni.

5.0 Adabu ya kuuliza na kujibu

Hiari haitamkwi peke yake. Hutamkwa mbele ya mwenyeji. Katika nyumba za Kitisuru, kama kwingineko Nairobi, mwenyeji mwenye adabu haulizi "Unakunywa pombe?" Huuliza "Utatumia nini?" au "Utatumia kinywaji gani?" Kitenzi tumia hufunika kitendo kwa heshima, na humpa mgeni nafasi ya kukataa bila kueleza sababu: "Mimi situmii." Jibu hili latosha. Haliulizwi swali la pili, na dini au ugonjwa wa mgeni haufichuliwi mbele ya watu. Hapa Kiswahili kina upole ambao lugha nyingine hulazimika kuutafuta kwa maneno mengi.

Kwa kupendelea kimoja kuliko kingine, njia ni kadhaa, na kila moja ina rangi yake. "Napenda bia kuliko mvinyo" ni kauli wazi. "Afadhali bia" au "heri bia" hudokeza kwamba msemaji amechagua lenye madhara machache, na mwenyeji aliyefungua mvinyo wa gharama aweza kuudhika. "Mimi ni mtu wa bia" haisemi juu ya leo tu, bali humtambulisha mtu na kumweka katika kundi. Ni kauli ya utani, nayo husemwa mara nyingi na yule anayetaka kuonyesha kwamba utajiri haukumbadilisha. Kitenzi pendelea kingefaa, lakini nomino yake, upendeleo, imeharibiwa na mahakama na ofisi, ambako ina maana ya kutotenda haki. Ndiyo maana katika kichwa cha makala haya tumetumia hiari.

Yapasa tuseme pia kwamba lugha ya onyo ni sehemu ya mada hii. Sheria ya mwaka 2010 inataka vyombo vya vileo vibebe maonyo ya afya kwa Kiingereza au Kiswahili, na inakataza kuwauzia walio chini ya umri wa miaka 18. Onyo la Kiswahili likitumia pombe, yaani jina la jumla, linamhusu mnywaji wa bia na mnywaji wa mvinyo kwa usawa. Hili ni jema. Wapo wanaojidanganya kwamba mvinyo si pombe kwa kuwa una jina lake la pekee na glasi yake ya pekee. Neno la jumla la Kiswahili linawanyima udhuru huo.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba bia imekuwa neno la nyumbani: inahesabika, ina majina ya chupa, ina baridi na moto yake, na msemaji wake hana haja ya lugha nyingine. Mvinyo, pamoja na kuwa neno kongwe zaidi katika Kiswahili, umebaki nusu mgeni. Sababu si umri wa neno, bali ni wingi wa watu waliopata nafasi ya kulitumia.

Kwa watunga kamusi, wafasiri na walimu tunatoa mapendekezo manne. Kwanza, mvinyo utumike kwa kinywaji cha zabibu kwa jumla, katika ngeli ya U-I, na vileo vilivyokenekwa viitwe vinywaji vikali, kama inavyofanya lugha rasmi ya Tanzania. Pili, divai ibaki neno la ibada na la Maandiko, na kamusi zieleze hivyo badala ya kuyaweka maneno haya mawili kama visawe kamili. Tatu, pombe iendelee kuwa jina la jumla, hasa katika sheria na maonyo ya afya. Nne, katika kufundisha msamiati wa ladha, tusiishie tamu, chungu na kali; ukakasi, uchachu, ugwadu na chapwe vipewe nafasi yake, kwa mifano ya vyakula na vinywaji vya kila siku, chai na maziwa vikiwamo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Heshima hiyo ni kubwa, na imeielekeza juhudi yetu kubwa kwenye bunge, mahakama na darasa. Lakini lugha hupungua pia mahali padogo, pale mwenyeji anapomwuliza mgeni kwa Kiswahili atatumia nini, na mgeni akajibu kwa Kiingereza kwa sababu tu hakumbuki kwamba ladha aliyo nayo mdomoni ina jina.